Maswali ya wasomaji: Mbio moja, pumzi mbalimbali

Kusi limetulia, asubuhi zimepoa, na barua nyingi za mwezi huu ni za watu wanaojiandaa kukimbia na ndugu na marafiki. Walioandika hawaulizi namna ya kushinda. Wanauliza namna ya kukimbia na mtu mwenye kasi zaidi au chini yao bila kuharibu urafiki. Tumechagua barua saba.

Assalamu alaykum. Sisi ni mashoga wanne, tumejiandikisha nusu marathoni na tumeahidiana kumaliza pamoja. Mmoja wetu anakimbia kilomita moja kwa dakika 5 na nusu. Mimi na mwengine ni dakika 7, na wa nne ndiyo kwanza ana miezi mitatu ya mazoezi. Sasa yule mwenye kasi ameanza kununa. Tufanyeje? (Msomaji, Kikwajuni)

Wa alaykum salaam. Anzeni na hesabu, maana mmeahidiana kitu ambacho hamjakipima. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Shoga yenu mwenye kasi, akiachwa aende kwa mwendo wake, atamaliza kwa saa 1 na dakika 56. Nyinyi wa dakika 7 mtafika kwa saa 2 na dakika 28 hivi. Wa nne, tukimkadiria dakika 8 kwa kilomita, atahitaji saa 2 na dakika 49. Kwa hiyo mlipomwambia "tumalize pamoja" mlimwomba akae juani dakika 50 na ushei zaidi ya muda wake. Si vibaya kumwomba. Vibaya ni kumwomba bila kumtajia kiasi, halafu kumlaumu akinuna.

Kaeni nyote wanne ana kwa ana, si kwenye kundi la simu, mchague moja kati ya mambo matatu. Mnaweza kwenda pamoja mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa yule wa nne. Mnaweza kwenda pamoja hadi mahali panapojulikana, tuseme kilomita ya 5 au kituo cha pili cha maji, kisha kila mmoja akafuata pumzi zake. Au kila mtu aende kivyake tangu mwanzo, na mahali pa kukutana papangwe mapema: mti fulani, mlango fulani. Msiseme "pale mwisho" tu, kwani pale mwisho pana umati na simu zenu zitakuwa zimo mikobani. Kwa tofauti kubwa kama yenu, sisi tunapendelea njia ya pili. Mtakuwa pamoja mwanzoni, penye hofu na vicheko, na hakuna atakayembebesha mwenzake kilomita 16 asizozitaka.

Mkiamua kwenda pamoja mpaka mwisho, basi mwenye pumzi fupi ndiye mwenye mwendo, na hilo lina namna yake. Mkimbiaji mwepesi asiyezoea kusindikiza hutangulia nusu hatua bila kujijua. Tazameni mabega siku ya mazoezi. Bega lake likiwa mbele ya bega la mwenzake kwa upana wa kiganja tu, wa nyuma ataongeza hatua ili walingane. Naye wa mbele, akisikia hatua zimemkaribia, ataongeza vilevile. Kilomita 3 hazijesha, kila kilomita mnaimaliza sekunde 20 mapema kuliko mlivyopanga na hakuna aliyekusudia. Hasara yake haionekani hapo. Inaonekana kilomita ya 14 au 15, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli inapopungua, miguu ikawa mizito na mtu akaanza kutembea. Kwa hiyo anayesindikiza akae nusu hatua nyuma, upande wa magari, na kilomita 3 za mwanzo ziwe pole kwa sekunde 10 hadi 15 kuliko mwendo mliopanga. Kipimo ni mazungumzo: yule wa nne aweze kutamka sentensi nzima ya maneno kumi bila kukata pumzi. Akianza kujibu "ndiyo" na "siyo" tu, mmeshazidisha.

Na muwekeane neno la ruhusa. Yule wa polepole akisema "nenda", mwenye kasi aende papo hapo, asiulize mara tatu "kweli? una hakika?" Maswali yale yanamlazimisha aliyechoka kumbembeleza aliye na nguvu. Neno hilo ni lake wa polepole peke yake. Mwenye kasi hana haki ya kuliomba njiani, kwa maneno wala kwa kutazama saa yake kila dakika.

Kikundi chetu cha mazoezi kimezoea mchakamchaka, safu kwa safu, huku tunaimba. Kwenye mbio za mwaka jana tulikimbia hivyohivyo, watu watano kwa safu, tukafokewa na waliokuwa nyuma yetu. Kosa letu nini? (Katibu wa kikundi, Jang'ombe)

Mchakamchaka una adabu ambayo wakimbiaji wengi wangefaa kuijifunza. Wimbo ndio unaoshika mwendo, na anayeitikia wimbo hawezi kukimbia kupita pumzi zake. Ndiyo maana mzee na kijana hufika pamoja katika matembezi na mbio za tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi hapa kwetu Zanzibar. Lakini mchakamchaka hukimbiwa kwenye barabara ambayo kwa muda huo ni yenu. Kwenye mashindano barabara ni ya kila aliyevaa namba. Mtu mmoja anayekimbia anahitaji karibu mita moja ya upana kwa ajili ya viwiko, hivyo safu ya watano ni ukuta wa mita 5, na Mji Mkongwe una njia ambazo hata nusu ya hiyo hazina. Aliye nyuma yenu atapita juu ya kijiwe cha ukingo au ataingia mtaroni, na hapo ndipo vifundo vya miguu huvunjika.

Kaeni wawili wawili, kushoto kama yanavyokaa magari yetu, na wanaopita wapite kulia; waandaaji wakitangaza vingine, fuateni lao. Nyimbo endeleeni nazo.

Jambo la pili ni mahali pa kusimama mwanzoni. Vikundi hupenda mbele kwa ajili ya picha, kisha bunduki ikilia watu mia wenye kasi wanalazimika kuwapenya. Kama mbio zenu zina chipu, yaani kidude cha kupima muda kinachowekwa kwenye namba au kwenye kiatu, muda wako halisi unaanza unapokanyaga zulia la mstari wa kuanzia. Ukianza nyuma hupotezi hata sekunde moja ya muda huo. Wanaogombea zawadi tu ndio wenye sababu ya kuwa mbele, kwa sababu washindi huhesabiwa kwa mlio wa bunduki.

Kwenye meza za maji, msisimame meza ya kwanza. Wote hukimbilia hiyo. Pitilizeni hadi ya mwisho, nyoosha mkono upande unaokwenda ili wa nyuma ajue, chukua, songa mbele hatua kumi, ndipo unywe. Kusimama ghafla kumsubiri mwenzako katikati ya njia ndiyo sababu kubwa ya watu kugongana.

Tupo wanawake sita, tunakimbia baada ya sala ya alfajiri. Mimi ndiye wa mwisho siku zote. Wenzangu wananitangulia, najikuta peke yangu barabarani na giza halijaondoka. Nikisema, naambiwa niongeze bidii. Siku nyengine tunakwenda Paje kukimbia ufukweni, na huko mambo ni hayohayo. (Msomaji, Chukwani)

Dada yetu, bidii haihusiki na swali lako, na waliokujibu hivyo wamekosea. Kumwacha mtu peke yake gizani ni kuvunja miadi ya kundi, awe na kasi au asiwe nayo.

Wakati wa giza tumieni kurudi nyuma. Kila baada ya dakika 3, walio mbele wanageuka, wanakimbia hadi kwa wa mwisho, wanapita nyuma yake, kisha wanaendelea. Wa mwisho hageuki wala hasimami. Wenye kasi watapata kilomita 1 au 2 za ziada kwa saa, nayo ni mazoezi ambayo wangeyatafuta vyovyote. Juu ya hayo, kila siku mmoja awe zamu ya kukaa nawe tangu mwanzo, kwa duru, asiwe yuleyule. Kimbieni kulia mwa barabara ili magari yaje mbele ya macho yenu, na wa kwanza na wa mwisho wavae kitambaa kinachong'aa taa ikikipiga.

Kukipambazuka kuna njia nzuri zaidi: kwenda na kurudi kwa saa. Mnaanza pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake. Dakika ya 25 ikitimu, kila mtu anageuka palepale alipo. Aliyefika mbali ana njia ndefu ya kurudi, aliyefika karibu ana fupi, na mnafika mlipoanzia mkiwa mmepishana dakika moja au mbili. Wakati wa kurudi wewe ndiye uliye mbele na wenzako wote wako nyuma yako. Tunalipenda zoezi hili kuliko yote kwa kundi la mchanganyiko.

Ufukweni lifanyeni hilohilo, na lina faida nyingine. Mchanga wa pwani una mteremko. Ukikimbia upande mmoja tu, mguu wa baharini unashuka zaidi na nyonga na goti hulalamika siku ya pili. Kwenda na kurudi kunaigawa kazi kwa miguu yote miwili. Chagueni wakati maji yamekupwa, tangu saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa moja na nusu baada yake, kwenye mchanga uliolowa na kushikamana. Angalieni ratiba ya maji kila mara, kwani kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Mkipata pwani tupu Jumamosi hii saa 12 asubuhi, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo maji yatakuwa yamejaa au karibu, na itabidi mngoje wiki moja tena. Makundi mengi huvunjika moyo hapa kwa sababu hupanga siku na saa moja bila kutazama bahari.

Paje na Jambiani mtakuta vijiti na kamba za mwani. Msikatize katikati yake hata pakiwa pakavu. Kamba hukatika kwa kukanyagwa, na ile ni riziki ya mtu. Kaeni juu kidogo, na mkiwapita wanaofanya kazi, punguzeni mwendo mtoe salamu. Wanaume wanaojiunga nanyi wabaki na fulana zao wanapopita vijijini. Joto si udhuru, kwani fulana nyepesi iliyolowa maji nayo inapoza mwili.

Mimi na kaka yangu tunafanya mazoezi njia ya Chake Chake kwenda Wete. Kwenye vilima ananiacha, ananingoja juu, nikifika tu anaondoka. Nifikapo mwisho sina hali. (Msomaji, Chake Chake)

Kaka yako anakupenda, ndiyo maana anangoja, lakini kungoja kwake hakukusaidii. Tazama kinachotokea juu ya kilima: yeye amepumzika dakika 2, moyo wake umetulia. Wewe unafika moyo ukiwa juu kabisa, na hapo ndipo anapoanza. Vilima vikiwa sita, yeye amepata mapumziko sita na wewe hata moja hukupata. Mwambie hesabu ya mapumziko ianze unapofika wewe. Dakika moja kamili ya kutembea pamoja, kisha muondoke.

Afadhali zaidi, asingoje juu. Ashuke kukupokea, apande nawe tena. Kwa njia hiyo yeye anapata zoezi gumu analolitaka. Na wewe usione haya kutembea penye mwinuko mkali. Hatua fupi za haraka, mikono ikifanya kazi, humchelewesha mkimbiaji wa polepole kwa sekunde chache tu na kumwachia pumzi za kilima kinachofuata. Mnaposhuka, aache kukuvuta. Mteremko unaonekana rahisi, lakini paja linafanya kazi ya breki, na maumivu yake huja kesho na keshokutwa.

Rafiki yangu ameumia siku nne kabla ya mbio, anataka nivae namba yake. Tena mwenzetu mwengine, ambaye hakujiandikisha, amepanga kuingia njiani kilomita ya 15 amsindikize mkewe hadi mwisho. Inafaa? (Msomaji, Mpendae)

Yote mawili hayafai. Namba ina jina, umri, jinsia na mara nyingi simu ya jamaa wa kuitwa mtu akianguka. Ukianguka wewe, ataitwa mke wa mwenzako, na daktari atasoma habari za damu na dawa zisizo zako. Ukikimbia vizuri, unaweza kuingia katika nafasi ya kundi la umri usilo lako na kumnyang'anya mtu stahiki yake. Waulizeni waandaaji kama wanaruhusu kubadilisha jina, na muulize leo, si asubuhi ya mbio.

Mume akitaka kumsindikiza mkewe, ajiandikishe na waanze wote. Kuvutwa na mtu asiyeshindana kunahesabiwa kuwa ni msaada kutoka nje, na mkewe ndiye atakayefutiwa matokeo. Kama amechelewa kujiandikisha, asimame pembeni kilomita ya 15 na ya 18 amwite jina. Sauti inayojulikana kwenye kilomita hizo ina nguvu kubwa.

Nimwambie nini rafiki yangu anapochoka? Nikimtia moyo ananikasirikia. (Msomaji, Magomeni, Unguja)

Pengine unamwambia "bado kidogo". Aliyechoka anajua si kidogo, na ukilisema mara tatu ataacha kukuamini. Mpe idadi ya kweli na ndogo: "mita 400 hadi kituo cha maji". Usimuulize yanayohitaji maelezo, uliza yanayojibika kwa kichwa: "Tutembee dakika moja?" Usimsimulie unavyojisikia vizuri, na usimgeukie ukakimbia kinyumenyume kumpigia makofi. Mara nyingi ukimya karibu yake unatosha.

Usimlazimishe maji. Unyevu wa hewa yetu unazuia jasho kukauka, kwa hiyo mtu hutota na wenzake hudhani lazima anywe kila anapoona kikombe. Anayekwenda polepole anapita vituo vilevile kwa muda mrefu zaidi, na maji matupu kupita kiasi huzimua chumvi ya damu: kichwa kinauma, anatapika, vidole vinavimba, anachanganyikiwa. Anywe kwa kiu, funda chache au nusu kikombe, asijaze tumbo kwa kubembelezwa.

Hapa tunaomba usome kwa makini. Ukimwona anapepesuka, anajibu yasiyoulizwa, hajui yuko kilomita ya ngapi, au ngozi yake inachoma, mbio zimekwisha kwenu nyote wawili. Usimuulize kama anaweza kuendelea, atakuambia anaweza. Mpeleke kivulini, mlaze, mpunguze nguo kwa kumsitiri, mmwagie maji mwili mzima hasa shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu, mpepee bila kuacha. Mtu mwingine akimbilie watoa huduma wa mbio. Aliyechanganyikiwa asipewe kitu kinywani. Kupozwa haraka ndiko kunakookoa, na kuanze hapo mlipo, kabla gari halijafika.

Nikimaliza kabla ya rafiki yangu, nimngoje wapi? Na wengine wanataka tuvuke mstari tumeshikana mikono. (Msomaji, Mombasa, Unguja)

Mikono shikaneni kama mmeulizana kabla na nyuma yenu pana nafasi. Geuka utazame. Wawili walionyoosha mikono wanaziba mita 3, na aliye nyuma anaweza kuwa anapigania sekunde zake za mwaka mzima. Chipu itaandika muda wa kila mmoja peke yake, hivyo picha haibadilishi kitu. Muda wa rafiki yako usiuweke wewe mtandaoni; muachie mwenyewe.

Ukitangulia, pokea medali, vaa fulana kavu, kunywa, kisha rudi kama mita 400 kabla ya mwisho. Kaa nje ya njia ya mbio. Ukiingia tena na namba yako kifuani ukavuka zulia mara ya pili, unawatia kazi wanaohesabu. Mwite jina, kimbia naye kwa pembeni hatua chache, mwache amalize mwenyewe.

Mkutie mahali mlipopanga ukiwa na dafu na kitu chenye chumvi, hata karanga au kipande cha muhogo wa kuchemsha, maana dafu lina sukari na madini ya potasiamu lakini chumvi ni chache. Atataka kukaa chini papo hapo. Mshike mkono mtembee dakika 10 kwanza, damu irudi kutoka miguuni. Ndipo umtandikie kanga akae.